Mwizi wa Kiatu Kimoja

Jumatatu, 3 Juni 1996

Maji yalikuja mapema yakakatika kabla sijamaliza vyombo. Mitungi imejaa lakini. Mama ameenda stendi ya 56 na mboga zake. Kaka yangu Mutua ameenda sokoni Toi kwa miguu. Shule. Hesabu vibaya, Kiswahili vizuri, kama siku zote.

Jioni Ripota ameleta kazi. Ni mpangaji wa chumba cha sita hapa kwenye ploti. Ana jina lake, lakini hata mwenye nyumba humwita Ripota. Anazunguka Kawangware na Kibera akikusanya habari, anaziandika kwa Kiingereza, anapelekea gazeti moja mjini. Tangu Aprili anataka nakala nyingine kwa Kiswahili auzie gazeti la pili. Kiswahili chake kinatosha kuagiza chai. Ndiyo maana ananihitaji mimi, mtoto wa kidato cha pili. Kazi yake naifanyia kwenye meza yetu, Mama akikatakata sukumawiki upande wa pili. Naipenda. Hainitaki niongee.

Sheria zake nimezishika. Mtu akilazwa hospitali, andika majeraha mabaya. Akitibiwa akarudishwa nyumbani, majeraha madogo. Mtu mkubwa hufariki. Watu wa huku kwetu huteketea, huangamia, hugongwa. Mwizi haumii. Mwizi hutiwa adabu.

Kiingereza chake ni baridi, kama daktari aliyevaa glavu. Gazeti la Kiswahili linataka watu wacheke kwanza, kisha wasikitike kama nafasi imebaki. Hiyo nimejua kuifanya. Darasani sijawahi kumchekesha mtu yeyote. Gazetini nachekesha, na hakuna anayejua ni mimi.

Leo: moto wa stovu kule Soweto ya Kibera, na mwanamke aliyegongwa na pikipiki. Wote madogo.

Jumanne, 4 Juni

Nimevaa diski shuleni. Ni kipande cha mbao chenye kamba, unavaa shingoni mpaka umkamate mwingine. Kosa langu: Kiswahili siku ya Kiingereza. Msichana wa dawati la mbele alianguka kwenye ngazi, nikamwambia pole. Mwalimu akasema ningesema sorry. Lakini sorry ni ya aliyekosea, na si mimi niliyemsukuma.

Sijibu walimu.

Alhamisi, 6 Juni

Ripota amekuja na haraka, ametoka kituo cha polisi. Habari moja tu, aya tatu. Jamaa ambaye jina halijulikani ameshikwa na umati mchana soko la Toi akikimbia na kiatu alichoiba. Kimoja. Umati ukampiga, polisi wakamwokoa, anazuiliwa.

Pale Toi wauzaji wa viatu vya mitumba huanika kimoja kimoja. Mwenzake hukaa ndani ya gunia, ili mwizi akinyakua asipate faida. Kila mtu anajua. Kwa hivyo huyu jamaa ameiba kitu ambacho hawezi kukivaa wala kukiuza. Nimecheka peke yangu. Mama akauliza nacheka nini, nikamsomea. Naye akacheka mpaka akaweka kisu chini.

"Wezi wa siku hizi hata akili hawana."

Kichwa cha habari nimetunga mwenyewe: Mwizi wa kiatu kimoja apewa kichapo cha mbwa. Ndani nimeweka wananchi wenye hasira. Nimeweka kwamba alitiwa adabu mpaka akasahau alikuwa anakimbilia wapi. Hiyo haikuwa kwenye Kiingereza, ni yangu. Ripota alisoma akiwa amesimama mlangoni, akacheka mpaka akakohoa.

"Nduku, wewe ni moto. Utanitoa kwa kazi."

Naandika ukweli kwa sababu hakuna anayesoma hapa: nimefurahi kuliko siku matokeo ya darasa la nane yalipotoka.

Mutua hajarudi. Atakuwa amelala Kibera kwa Omosh, rafiki yake anayegawana naye kibanda cha sokoni. Huwa anafanya hivyo.

Ijumaa, 7 Juni

Mutua amerudi jioni. Mkono wa kushoto uko ndani ya plasta. Meno mawili ya mbele hayapo. Jicho moja limefunga. Ana nyuzi kichwani. Alisimama mlangoni akasema, "Mathe, usipige nduru." Mama akapiga nduru.

Alisimulia akiwa amelala, kwa nusu ya mdomo. Naandika vile alivyosema.

Jana Omosh alikuwa ameenda kuchagua mzigo wa mitumba, kwa hivyo Mutua alibaki peke yake kibandani. Ana wiki mbili tu kwenye laini ile ya vibanda, hawajamzoea. Akamuuzia mzee mmoja viatu vyeusi, mzee mwenye haraka. Mzee alipoondoka, Mutua akaangalia ndani ya gunia, akaona amechanganya. Amempa cha kushoto namba nane na cha kulia namba tisa. Akashika kile cha kulia cha kweli akamkimbilia, asije akapanda gari Ngong Road akaenda nyumbani na miguu miwili tofauti.

"Nilikuwa naita, mzee! mzee! Halafu nikasikia mwingine nyuma yangu anaita, mwizi! Na mimi nikageuka kuangalia mwizi ni nani."

Kwenye soko lile, mtu anayekimbia na kiatu kimoja mkononi. Hakuna aliyeona haja ya kuuliza.

Polisi walimlaza ndani. Asubuhi hakuna mtu aliyekuja kusema ameibiwa kiatu, wakamwachilia. Akaenda hospitali kwa miguu akiushika mkono kama mtoto mchanga. Wakamshona, wakamfunga plasta, wakamwambia vitanda vimejaa.

Mama alikuwa analia. Mimi sikulia. Maneno yalikuwa yanapita kichwani moja moja. Kichapo. Cha. Mbwa.

Nilienda kugonga kwa Ripota. Kufuli. Habari alikuwa ameipeleka tangu asubuhi. Hata ningempata haingerudi.

Jumamosi, 8 Juni

Imetoka. Ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la sabuni. Kichwa changu hawakugusa hata neno.

Mama amewaambia majirani Mutua aligongwa na mkokoteni. Kwa hivyo hawajui. Asubuhi wakiwa kwenye mfereji wa maji, Mama Wambo wa chumba cha kwanza aliwasomea wenzake gazeti kwa sauti. Kati ya mfereji na kitanda cha Mutua kuna ukuta wa bati moja. Walicheka walipofika hapo kwa kusahau alikuwa anakimbilia wapi. Mama Wambo alirudia mstari huo ili aliyekuja na ndoo baadaye naye acheke.

Mutua alikuwa anaangalia dari.

Mama aliniangalia, na mimi nikamwangalia. Siku ile tulicheka wote wawili.

Jumapili, 9 Juni

Kanisa. Wagonjwa wote wameombewa. Mama hakutaja jina.

Jumanne, 11 Juni

Omosh amekuja na mkate na maziwa. Ni mrefu, akikaa kwenye kitanda chetu magoti yanafika kifuani. Alijaribu kufanya mzaha. "Niaje brathe, umekuwa bondia na hukuniambia?" Mutua akacheka kwa pua.

Kisha akasema kilichomleta. Wenye vibanda wa laini ile hawamtaki Mutua. Omosh amewaambia Mutua ni beshte yake, yeye mwenyewe ndiye aliyemleta, wakamwambia hata gunia lake wataanza kuliangalia. Chairman wa laini amekata ile habari kwenye gazeti akaibandika kibandani kwake, watu wanapita wanasoma.

"Nawaambia haikuwa hivyo. Wananiambia, kwani gazeti ni mjinga?"

Mutua asipokuwa amerudi mwisho wa mwezi, nusu yake ya kibanda inapewa mtu mwingine. Chairman tayari ana binamu anayengoja.

Kila kitu cha Mutua kiko ndani ya yale magunia. Aliacha kubeba mawe kwa mjengo ili afanye biashara hii. Baba yuko Machakos na mgongo wake mbaya. Karo yangu ya muhula ujao itatoka kwenye viatu hivyo. Daftari hili tayari limetoka huko.

Omosh hajui ni nani aliyeandika. Alinishukuru kwa chai.

Jumatano, 12 Juni

Nimeenda kwa Ripota. Nilikuwa nimepanga maneno tangu somo la Jiografia. Nilipofika yakapotea yote.

Alikuwa ameshamwona Mutua na plasta yake, na ameshajumlisha. "Polisi hawakunipa jina," alisema kabla sijafungua mdomo. Nikamwambia aandike kwamba Mutua hakuiba.

Alinisukumia stuli.

"Nduku, sikiza. Mtu ameiba, hiyo ni habari. Mtu hajaiba, hiyo si habari. Mimi leo sijaiba. Wewe hujaiba. Tutajaza gazeti namna hiyo?"

Akauliza kama Mutua alilazwa. Nikasema vitanda vilijaa. "Basi ni majeraha madogo," akasema, bila ubaya, kama mtu anayesoma namba ya kiatu. Sheria ni yake. Lakini mimi ndiye ninayeiandika tangu Aprili. Yule mama wa stovu kule Soweto, mikono yake yote miwili iliungua. Hospitali ilimpa dawa ya kupaka akarudi. Madogo. Niliandika na nikaenda kulala.

Nikauliza kwa nini hatuandiki waliompiga. Walikuwa watu. Wana majina na vibanda.

"Nikiandika Fulani alimpiga Fulani, kesho napita Toi na njia gani? Umati ni neno zuri. Umati hauwezi kuja kunigongea mlango."

Nilimchukia mpaka nilipofika kwetu. Kutoka chumba cha sita hadi chetu si mbali. Hapo nikakumbuka wananchi wenye hasira niliwaweka mimi. Kiingereza chake kilisema tu mob. Niliona neno wananchi linapendeza zaidi. Ni neno la redioni, la siku za sikukuu. Hakuna anayewaogopa wananchi.

Ijumaa, 14 Juni

Nimemwambia Mutua.

Mama alikuwa sokoni. Nilikuwa namshikia kikombe, kwa sababu mdomo bado haushiki vizuri. Nikasema, ile habari ya gazeti niliandika mimi. Hata kichwa. Sikujua ni wewe.

Alikunywa. Akameza.

"Hata ile ya kusahau nilikuwa nakimbilia wapi?"

"Hata hiyo."

"Hiyo ilikuwa noma," akasema. "Kama si mimi ningecheka."

Kisha akaniambia niondoe kikombe. Hakuongea nami tena mpaka usiku. Heri angenipiga kofi. Najua hilo ni wazo la kijinga. Ndilo nililofikiria.

Jumapili, 16 Juni

Ripota amekuja mwenyewe, na robo kilo ya nyama. Alisimama mlangoni kama mgeni. Akasema, andika, mimi nitaipeleka, nitawaambia ni habari ya wananchi kuonywa na polisi. Polisi wakionya mtu inakuwa habari.

Mama alikataa. Hataki jina la mtoto wake liingie gazetini mara ya pili.

"Mara ya kwanza halikuingia, mathe," Mutua alisema. "Ndiyo shida."

Nimeandika mchana mzima. Mara ya kwanza niliandika kila kitu: mzee mwenye haraka, namba nane na namba tisa, meno, jicho, vitanda vilivyojaa. Niliandika kwamba walimpiga kwa mbao, viatu na mawe, na kwamba alikuwa bado ameshika kile kiatu. Kurasa mbili. Hakuna pahali pa kucheka. Ripota alisoma polepole akaniambia ni nzuri na hawataichapa. Akachukua kalamu. Alipomaliza ilibaki aya moja. Juu yake ameweka: Mchuuzi apigwa kimakosa.

Kimakosa. Nimelala kitandani nalifikiria. Kumbe kuna kupigwa kwa usahihi. Kumbe ile habari ya kwanza haikuwa na shida na kipigo. Shida ilikuwa ni mtu tu.

Sikumwambia Ripota. Chairman wa laini anataka gazeti, na hili ndilo gazeti litakalopatikana.

Jumatatu, 17 Juni

Hakuna.

Jumanne, 18 Juni

Hakuna. Mama haulizi, lakini ananunua gazeti, yeye ambaye hununua chumvi kwanza. Mutua ameanza kukaa nje. Watoto wa ploti wanagonga plasta yake kama mlango.

Jumatano, 19 Juni

Imetoka. Ndogo kuliko kidole changu cha gumba. Nainakili hapa.

"Mchuuzi wa viatu katika soko la Toi, Bw Mutua, alipigwa kimakosa na wananchi waliodhani ni mwizi. Alipata majeraha madogo. Polisi wamewaonya wananchi dhidi ya kuchukua sheria mikononi mwao."

Wiki mbili zilizopita alikuwa jamaa. Leo ni Bw.

Mutua alisoma mara mbili. Akapitisha ulimi pale meno yalipokuwa. "Madogo," akasema, akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Mama Wambo naye amesoma. Sasa ploti nzima inajua hakukuwa na mkokoteni. Alikuja na mayai matatu akasema pole sana Mama Mutua, hawa watu wa Toi ni wanyama. Mama alipokea mayai. Hakumkumbusha mfereji. Mimi pia sikumkumbusha. Mimi kwa lipi?

Omosh amepeleka nakala sokoni. Chairman amebandua ile ya kwanza. Amesema Mutua aje Jumamosi.

Jumamosi, 22 Juni

Nimeenda naye. Kwa mkono mmoja huwezi kufungua gunia wala kuvika mteja kiatu. Nilivaa sweta ya shule ili nionekane mtoto na nisiongeleshwe.

Kuingia laini, watu wakaanza. Pole kwa ajali. Pole kwa yaliyokupata. Ilikuwa bahati mbaya. Shetani alipita hapa siku hiyo. Mmoja akasema aki ya Mungu mimi sikuwepo, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Chairman akamshika bega zima akasema, hayo yameisha, tufanye kazi. Kila mtu alikuwa mwema. Maneno yao yote yalikuwa kama ya gazeti. Jambo limetokea, limekupata, limepita. Kama mvua ya mawe.

Mutua alijibu asante, asante. Kila mkono aliopewa aliushika, na kila mkono aliuangalia kidogo kabla ya kuuachilia. Nadhani mimi tu niliyeona.

Biashara hakuna. Watu walisimama mbali wakiangalia plasta. Kila mtu nyuma yetu alipopaza sauti kutangaza bei, Mutua aliinua bega. Si sana. Kama mtu anayefukuza nzi. Kufikia jioni shati lake lilikuwa limelowa, na haikuwa siku ya jua.

Njiani kuelekea nyumbani alisema harudi Jumatatu. Nikauliza, unaogopa watakupiga tena?

"Siogopi hiyo. Ni vile nauza na sijui ni nani. Huyu ananiomba chenji, najiuliza ni wewe? Huyu ananiletea chai, ni wewe? Wote pole, pole. Hakuna aliyekuwepo, na mimi meno yangu yako wapi?"

Nilijua neno la kuwaita kwa lugha mbili, umati na mob, na halikumsaidia kwa yoyote.

Jumatatu, 24 Juni

Hakwenda.

Jumatano, 26 Juni

Hajaenda. Omosh amekuja, wamekaa nje. Chairman hakatai arudi, lakini kibanda hakiwezi kukaa nusu tupu. Jumamosi ndiyo ya mwisho. Omosh hakufanya mzaha leo. Alipoondoka alimwambia, "Buda, mimi sikufukuzi. Unajifukuza." Mutua akasema anajua.

Mama amefua shati la Mutua la soko na kulipiga pasi. Amelitundika msumarini mahali anapoliona akiamka.

Ripota ameleta kazi. Ukuta umeanguka Kibera, watu wanne, wawili madogo na wawili mabaya. Nimemwambia nina mtihani. Sina mtihani. Alisimama na karatasi zake, akasema haya, akarudi chumbani kwake. Nikasikia anajaribu kuitafsiri mwenyewe akisoma kwa sauti. Ilikuwa mbaya sana. Sikuenda.

Ijumaa, 28 Juni

Shati bado liko msumarini. Nimeota nasoma taarifa ya habari redioni na sauti haitoki.

Jumamosi, 29 Juni

Nilipoamka Mutua alikuwa amelivaa. Mama alimfunga vifungo, kwa sababu ya mkono. Hatukuongea. Nilichukua sweta.

Asubuhi ilikuwa kama wiki iliyopita. Pole zilikuwa chache zaidi. Tuliuza viatu vya mtoto tu. Bega lilikuwa linainuka. Omosh alikuwa anaimba kwa nguvu ili tusisikie kwamba tumenyamaza.

Baada ya saa sita alikuja mwanamke wa kibanda cha tatu kutoka kwetu, anayeuza soksi na nguo za watoto. Mama Akinyi. Anaishi Kibera, upande wa Soweto. Mkubwa, ana kilemba cha kijani. Wiki iliyopita hakuja kusema pole. Nilikuwa nimeliona hilo nikadhani ana kiburi.

Alisimama mbele ya viatu. Hakuangalia viatu.

"Wewe kijana."

"Naam, mama."

"Mimi nilikupiga."

Omosh akaacha kuimba. Mwanamke hakushusha sauti wala hakuipandisha.

"Walisema mwizi. Mimi nimeibiwa hapa mara mingi. Sikuuliza. Nikavua kiatu nikakupiga nayo kwa kichwa. Mara mbili. Ya tatu polisi wakafika." Akavuta pumzi. "Wengine walikupiga pia, hao watajisemea. Mimi nasema yangu."

Mutua alimwangalia usoni. Bega halikuinuka. Mimi nilikuwa nimeshika mdomo wa gunia na vidole vilikuwa vinaniuma. Nilifikiri atamtukana. Nilifikiri atalia. Akashusha macho mpaka miguuni pake.

"Na hii kiatu?"

"Na hiyo. Ya kulia."

Kilikuwa cheusi cha kutumbukiza, kizito, kisigino kimeliwa upande mmoja. Mutua alichuchumaa na plasta yake. Akakiangalia kile kiatu kama anavyoangalia kiatu chochote kile.

"Soli imeisha, mama. Na unakanyagia upande wa ndani."

"Najua."

"Wewe ni saba."

"Saba."

Akaniambia nifungue gunia. Akaingiza mkono mmoja akatafuta, akatoa cha kushoto. Akatafuta tena, kwa muda mrefu, akatoa cha kulia. Akavigeuza vyote viwili, akasoma namba ya kimoja, akasoma namba ya kingine, akanipa mimi nisome pia. Saba na saba. Mama Akinyi akavijaribu, akatembea hatua chache kwenda na kurudi. Vilimtosha. Akauliza bei.

Mutua akamtajia bei ya kuanzia. Ile ambayo hakuna mtu Toi hulipa. Unaitaja ukijua mteja atasema kwani viatu vya dhahabu, atageuka kama anaondoka, utamwita mama rudi, na mtakutana nusu ya njia. Ndivyo biashara yote ya pale inavyoenda. Hata mtoto mdogo anateremsha bei ya peremende.

Akangoja ateremshe.

Hakuteremsha. Alifungua leso, akatoa pesa, akampa zote. Mutua akazipokea. Hakumwambia hapana mama, hakumpunguzia, hakusema pole wala asante. Mama Akinyi akatia viatu vya zamani ndani ya juala la plastiki, akarudi kwenye soksi zake. Mchana wote tulikuwa tunamwona, naye anatuona.

Tulifunga pamoja na wengine. Njiani Mutua alisema Jumatatu ataamka mapema apange vyeusi mbele. Akauliza kama Jumamosi ijayo nitakuja kumshikia gunia. Nimesema ndiyo.